Kuanza kuendesha baiskeli kwa starehe Tanga: baiskeli, njia, na kuifanya simu irekodi safari nzima

Mama yangu mdogo amestaafu ualimu, na tangu astaafu anataka kutoka na baiskeli asubuhi, si kwenda sokoni wala kazini, bali kutembea tu na kurudi. Nilikuwa naye tangu kuchagua baiskeli hadi kuweka programu kwenye simu. Kisha wenzake nao wakaanza kuniuliza yale yale, kwa hiyo nayaweka yote mahali pamoja.

Tanga hatuhitaji kufundishwa baiskeli. Mji ni tambarare, akina mama wanaendesha na mabaibui yao, watoto wanapakizwa kwenye keria, samaki wanazungushwa mitaani juu ya baiskeli. Ila safari nyingi za mjini ni za dakika kumi au kumi na tano. Ukianza kukaa kwenye kiti saa moja na nusu bila kushuka, mambo uliyokuwa ukiyavumilia yanaanza kuuma: kiti kifupi, tairi legevu, upepo wa baharini usoni. Mwongozo huu ni wa mambo hayo.

Hatua ya 1: Baiskeli

Kama nyumbani kuna baiskeli inayotembea, anza na hiyo hata kama ni Phoenix ya mzee. Usinunue kwanza. Endesha mwezi mmoja, utajua unachotaka.

Kama unanunua, ushauri wangu haubadiliki: mtumba wa Kijapani, ile yenye kikapu mbele na fremu iliyoinama katikati. Unapanda na dera au kanzu bila taabu, madigadi yapo, stendi ipo, na nyingi zina gia tatu zilizofungiwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, mbali na mchanga. Kwa mji usio na milima, gia tatu zinatosha kabisa. Ni nzito, lakini uzito unausikia mlimani tu, nasi hatuna milima.

Ninachowakataza watu ni zile baiskeli mpya za bei nafuu zenye shokapu mbele na nyuma na gia ishirini na moja. Zinapendeza dukani. Barabarani kila unapokanyaga pedali shokapu inanesa na kula nguvu zako, na kile kipande cha nyuma kinachohamisha mnyororo kinapinda baiskeli ikianguka mara moja tu. Pesa hizo nunua mtumba mzuri, halafu utabaki na chenji ya tairi mpya.

Ukienda kuangalia, inua kila gurudumu na ulizungushe ukitazama rimu kwenye breki. Ikiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Ikiyumba sana, achana nayo. Shika pedali zote mbili na uzitikise kushoto na kulia: zikicheza, gololi za katikati zimekwisha. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu ukitafuta ufa chini ya rangi. Halafu tazama ubavu wa tairi. Mtumba unaweza kuwa umekaa miaka mingi bila kutembea, na mpira uliokauka una mipasuko midogo midogo. Tairi ya namna hiyo ibadilishe hata kama kashata zake bado nzima.

Kwenye kununua tairi watu wengi hupoteza siku nzima. Mtumba wa Kijapani mara nyingi ni 26 x 1 3/8. Baiskeli ya milimani ni 26 x 1.95 au 26 x 2.1. Zote zinaitwa "ishirini na sita", lakini haziingiliani, kwa sababu kipenyo cha rimu ni tofauti: milimita 590 kwa ya kwanza, 559 kwa ya pili. Usimwambie muuzaji "nipe ya 26". Soma ubavuni. Ukiona 37-590, tafuta tairi yenye 590 hiyo hiyo. Phoenix kubwa za 28 x 1 1/2 ni 635. Piga picha ya namba kwa simu, uende nayo.

Hatua ya 2: Kiti

Kiti kipandishe. Karibu kila mtu anakaa chini mno, magoti yamepanuka, halafu anasema baiskeli inaumiza magoti. Kaa kitini umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Ni kweli miguu haitafika chini vizuri ukisimama. Utashuka kitini ukisimama, na baada ya siku chache mwili utazoea.

Nguzo ya kiti ina alama ya mwisho. Isionekane nje ya fremu. Ukiwa mrefu na alama inatokeza, nunua nguzo ndefu zaidi.

Hatua ya 3: Upepo wa tairi

Jaza kila wiki, si mpaka ishuke. Kiwango kimeandikwa ubavuni.

Valvu za mtumba wa Kijapani mara nyingi zina kimpira kidogo kama mrija kinachovikwa juu ya kijiti ndani. Kimpira kikichakaa, tairi inashuka polepole usiku kucha, na mtu anapelekwa kutafuta pancha ambayo haipo. Kabla hujavua tairi, fungua valvu na ukikague. Beba viwili vya akiba, pamoja na tyubu moja, viraka, gundi na pampu ndogo. Taa nyekundu ya nyuma, kengele na helmeti viwe tayari kabla ya safari ya kwanza.

Hatua ya 4: Simu na programu

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo tulipopoteza jioni kadhaa.

Kwanza kabisa, GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi ya satelaiti, haitumi kitu. Kinachokula bando ni kupakua ramani na kupakia safari ikishaisha. Unaweza kuzima data, ukaenda, ukarudi, ukapakia nyumbani. Muhimu uwe umeshaingia kwenye akaunti yako kabla ya kutoka. Data ikizimwa, simu inachukua muda zaidi kujua ilipo mara ya kwanza, kwa hiyo simama uwanjani, mbali na ukuta na mwembe, usubiri mpaka programu iseme imepata mahali, ndipo ubonyeze kurekodi.

Natumia Strava ya bure kurekodi, na Organic Maps kwa ramani. Strava ya kulipia sioni inamsaidia nini anayeanza. Organic Maps unapakua ramani mara moja ukiwa na waifai, halafu inafanya kazi huko shamba ambako mtandao haupo. OsmAnd nayo ni nzuri na ina mengi zaidi, lakini mengi hayo yanamchanganya mtu mgeni. Zote mbili zinachota ramani kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na vijia vingi vimo humo.

Sasa tatizo lenyewe. Unaanza kurekodi, unazima kioo, unatia simu mfukoni. Baada ya dakika chache simu inaona kuna programu inayotumia betri nyuma ya pazia, na inaiua. Ukifika unawasha kioo, programu inaamka, na inaunganisha pale ilipokufa na pale ilipoamka kwa mstari mmoja ulionyooka. Mama mdogo alitoka Bombo hadi Amboni akizunguka barabarani kama watu wote, na ramani ikaonyesha amekata juu ya maji, kando ya kisiwa cha Toten. "Mwanangu," akaniambia, "hii simu inadhani nina mtumbwi."

Simu nyingi za Android zina tabia hii, hasa za bei ya chini, na kufuli zinazoibana programu si moja. Ukifungua moja tu, nyingine inabaki. Fungua zote:

Ruhusa ya mahali. Nenda kwenye mipangilio, programu, Strava, ruhusa, mahali. Ruhusu, na uhakikishe mahali sahihi pamewashwa. Pakizimwa, simu inatoa eneo la kukadiria tu, na mchoro unakuwa hauna maana.

Betri ya programu. Kwenye ukurasa huo huo wa Strava kuna sehemu ya betri. Iondolee vizuizi vyote. Maneno yanatofautiana kati ya simu na simu. Unachotafuta ni chaguo linaloiacha programu ifanye kazi bila kubanwa.

Hali ya kuokoa betri ya simu nzima. Hii izime kabla ya kutoka. Kwenye simu kadhaa hali hii huzima GPS kioo kinapozimika, hata kama programu umeiondolea vizuizi. Simu zingine huiwasha zenyewe betri ikifika asilimia 15 au 20, kwa hiyo toka na chaji ya kutosha.

Programu za kusafisha simu. Zile zinazoahidi kuongeza kasi zinaua kila kitu kinachofanya kazi kimya kimya. Kama ulizipakua mwenyewe, zifute. Kama ilikuja na simu, ingia ndani yake, tafuta orodha ya programu zinazolindwa au zinazoruhusiwa kujianzisha zenyewe, uiweke Strava.

Kufuli ya orodha ya programu zilizofunguliwa. Fungua orodha ile unayotumia kufunga programu, shikilia Strava, na ukiona alama ya kufuli, ibonyeze. Hata ukifuta zingine zote, hiyo itabaki.

Arifa. Ziruhusu. Strava ikirekodi inaweka arifa juu ya kioo muda wote. Ukitazama na arifa haipo, haurekodi. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kujua, na ndiyo maana nakataza kuzizima.

Ukimaliza, usiende Amboni kujaribu. Zunguka mtaani kwa miguu dakika kumi na tano, kioo kimezimwa, simu mfukoni, ukate kona nyingi. Mitaa ya namba ya Ngamiani inafaa sana kwa jaribio hili kwa sababu imenyooka, na kosa linaonekana papo hapo. Kisha soma mchoro. Mstari ulionyooka unaopita juu ya nyumba maana yake programu iliuawa, rudi kwenye kufuli. Mstari unaotetemeka kushoto na kulia lakini unafuata barabara ni mawimbi dhaifu tu, simu iko chini ya vitu kwenye begi, itoe. Umbali ukiwa sawa lakini muda ni mfupi kuliko saa yako, programu ilikuwa ikisimamisha hesabu kila uliposimama. Hilo si kosa, na unaweza kulizima.

Simu ikisasishwa, kagua tena. Mara nyingine masasisho hurudisha vizuizi kimya kimya.

Safari ambayo haikurekodiwa unaweza kuiandika kwa mkono ndani ya programu, umbali na muda. Mchoro hautapatikana.

Na kabla ya kupakia chochote, ingia kwenye faragha ufiche sehemu ya kuanzia na kumalizia. Bila hivyo unawaonyesha watu nyumba yako na saa ambayo haupo.

Hatua ya 5: Njia

Toka saa 12 asubuhi. Jua bado pole na magari machache.

Wiki za mwanzo: mjini, Bombo, Raskazone, kisha Sahare ukipenda, na kurudi. Miti ipo, bahari ipo, na ukichoka nyumbani ni karibu.

Ukishazoea, acha upepo ukuchagulie njia. Panga safari ili upepo uwe usoni wakati wa kwenda, ukiwa na nguvu, na mgongoni wakati wa kurudi. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, nenda barabara ya Pangani, inayoelekea kusini. Tongoni haifiki kilomita 20 kutoka mjini, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na kivuli cha kupumzikia. Kigombe ni kama kilomita 30, kijiji cha wavuvi. Pangani yenyewe ni zaidi ya 50, hiyo usiende na kurudi siku moja mpaka Kigombe iwe nyepesi kwako. Sehemu za vumbi punguza upepo wa tairi kidogo, utaona baiskeli inatulia.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, geuka kaskazini, Amboni. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini: barabara ya Horohoro, kisha unakata kuingia Kiomoni. Ni barabara ya malori ya kwenda mpakani, kwa hiyo Jumapili asubuhi ni bora kuliko siku nyingine. Ukisikia lori nyuma na mbele kunakuja jingine, shuka pembeni usimame. Usishindane.

Barabara ya Pongwe siipendekezi kwa anayeanza. Kiwanda cha saruji kiko huko, na ndiyo njia ya mabasi yote ya kwenda Muheza na kuendelea.

Masika, vijia vya ndani viache vikauke.

Hatua ya 6: Mnyororo

Hewa yetu ina chumvi. Kila wiki futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedali nyuma, kisha futa tena mpaka nje pabaki pakavu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukamata mchanga. Oili chafu ya gari ni hivyo hivyo, na itakuharibia kanzu.