Ukienda kununua jibini na pastourma Mtaa wa Evripidou, Athens

Shuka metro ya Monastiraki, ushike Mtaa wa Athinas huku umeipa Akropoli mgongo. Kabla hujalifikia lango la soko kuu la nyama na samaki, Varvakios, kata kushoto uingie Evripidou. Ramani ya nini, pua itakupeleka. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya njia watu wakinipita huku na huku, maana harufu iliyonipokea ilikuwa ya uwatu. Uwatu uleule aliokuwa akiuroweka mama yangu Tanga, leo naukuta Ugiriki, tena unatoka kwenye duka la nyama!

Nenda Jumanne au Alhamisi, saa tatu au saa nne asubuhi. Jumapili kumefungwa. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi maduka mengi ya mjini hufunga mapema alasiri, na Jumamosi msongamano ni mkubwa hata muuzaji hana nafasi ya kukuhudumia vizuri. Muda wake unauhitaji sana, kwa sababu maduka haya si ya kuokota vitu rafuni na kwenda kulipa. Unasimama kaunta, unaongea, unaonja, unakatiwa.

Kuonja ndiko wengi wetu tunakoona haya. Nimewaona ndugu zetu wa Kypseli, mtaa wa Athens wanakoishi Waafrika wengi, wakinyoosha kidole kwenye jibini ya kwanza wanayoiona, wakalipa, wakaondoka. Bibi wa Kigiriki niliyekuwa namtunza alinikataza tabia hiyo. Alinifundisha maneno mawili, “na dokimaso?”, yaani naomba nionje. Anza na “kalimera”, yaani habari za asubuhi, kisha useme hivyo, na muuzaji atakukatia kipande akuletee kwenye ncha ya kisu au kwenye karatasi. Onja vitu viwili vitatu ndipo uamue. Hakuna atakayekununia. Nunua kidogo pia: robo kilo ni “ena tetarto”, nusu ni “miso kilo”.

Anza na feta. Tangu 2002 sheria ya Ulaya imelilinda jina hilo: feta ni ya Ugiriki tu, ya maziwa ya kondoo asilimia 70 au zaidi, na yanayobaki ni ya mbuzi. Ya ng'ombe si feta. Uliza ya pipa, “varelisia”. Tazama anavyoitoa: anaingiza mkono wenye glavu ndani ya pipa la mbao, anainua bonge jeupe linalochuruzika maji ya chumvi, analiweka ubaoni, na kisu kikipita linapasuka kwa matabaka kama ukuta wa chokaa. Iwe nyeupe kabisa, isiwe na umanjano, na ikigusa ulimi ikuchome kidogo pembeni. Ya kopo la bati ni laini zaidi na ya upole, wenye watoto huipenda. Kabla hajaifunga mwambie “me ligi almi”, akutilie na maji yake ya chumvi. Mimi sikusema mara ya kwanza, na baada ya siku tatu jibini yangu ilikuwa imekauka na kuchachuka kwenye friji. Ikikaa ndani ya maji yake, inadumu wiki kadhaa bila tabu.

Kama feta inakushinda kwa ukali, omba graviera, jibini ngumu ya manjano. Ya Naxos hutengenezwa zaidi kwa maziwa ya ng'ombe na ina utamu wa siagi; ya Krete ni ya kondoo, ngumu zaidi, na ladha yake inakaa mdomoni. Mimi huchukua ya Krete.

Sasa turudi kwenye uwatu. Pastourma ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, ikakandamizwa, ikakaushwa, kisha ikapakwa rojo zito la uwatu, vitunguu saumu na pilipili nyekundu, ambalo huitwa tsimeni. Wajuzi wake walikuwa Wagiriki na Waarmenia wa Anatolia, Uturuki ya leo, waliofika hapa kama wakimbizi baada ya maafa ya 1922, jeshi la Ugiriki liliposhindwa vitani na Waturuki. Duka la Miran, hapohapo Evripidou, lilianza mwaka huohuo, na ukiinua macho utaona nyama na soseji zimening'inia darini. Agiza gramu 100 tu, zikatwe nyembamba kama karatasi. Muislamu mwenzangu, kuwa ya ng'ombe hakutoshi: uliza imechinjwa vipi, na kwenye soutzouki, soseji kavu yenye viungo, uliza pia kama imechanganywa na nguruwe. Wauzaji wanaulizwa hivyo kila siku, na hujibu bila kukasirika.

Kingine cha kukitazama ni avgotaraho ya Messolonghi. Kipo kama ndizi fupi mbili zilizoshikana, rangi ya kaharabu, zimefunikwa nta ya nyuki. Ndani yake ni mayai ya mkizi! Samaki wetu wa methali, yule ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi, huku mayai yake yanatiwa chumvi, yanakaushwa na kuuzwa ghali sana. Na soko lililo hapo jirani jina lake linatokana na Ioannis Varvakis, baharia wa kisiwa cha Psara aliyetajirika Urusi kwa biashara ya kaviari, nayo pia ni mayai ya samaki. Usinunue avgotaraho kwa kukisia. Onja kipande, na ukiipenda chukua ile ndogo kuliko zote. Menya nta, kata nyembamba, weka juu ya mkate mkavu.

Mafuta ya zeituni yanataka uangalifu. Niliwahi kununua chupa nzuri ya kioo cheupe, dirishani kwa duka moja la watalii, na kumbe jua lilikuwa limeyapiga miezi. Yalinuka karanga za mwaka juzi. Chukua kopo la bati au chupa nyeusi, utafute mwaka wa mavuno, na neno “exeretiko partheno”, daraja la juu, ambalo asidi yake haizidi asilimia 0.8. Ukiyaonja na koo likawasha hadi ukakohoa, hayo ndiyo.

Usiondoke bila fava, punje za manjano za Santorini zinazofanana na dengu. Zipike kama unavyopika dengu nyumbani, ila bila nazi, umalizie kwa kitunguu kibichi na mafuta hayo. Asali, chagua ya thimari, mmea wa kiungo wenye harufu nzuri, ukitaka manukato, ya msonobari ukitaka utamu usiozidi.

Pastourma waombe waifunge “vakum”, yaani bila hewa ndani, kisha wewe uitie mfuko wa pili, la sivyo mkoba mzima utanuka. Ukifika nyumbani pasha kikaango kikavu, bila mafuta, tandaza vipande vinne, na vikianza kujikunja vunjia mayai mawili juu yake. Usiongeze chumvi. Harufu ikijaa jikoni, fungua dirisha, au usifungue. Mimi huliacha limefungwa, nikala kwanza.