Benzi C200 Kompressor ya mkononi: jinsi ya kupima mwenyewe kabla hujatoa hela ya spea

Hii ni kwa wenye C-Class ya umbo la W204, ile iliyoanza kutoka 2007, na hasa C180 na C200 Kompressor zenye injini ya M271 ya cc 1796, maana ndo zimejaa huku zikitokea Japani. Mi ni fundi umeme wa magari, nazishika sana hizi, na kitu nachokiona ni kwamba mtu anakuja kashaambiwa kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, ama injini inataka kushushwa, afu ukipima unakuta waya, mpira au betri. Gari ukinunua mkononi bei imeshashuka kabisa ila spea zimebaki na bei ya Benzi, kwahiyo ukibadilisha kitu kwa kubahatisha, umeumia.

Vifaa vyenyewe sio vingi. Multimita ya kawaida, seti ya Torx, kliner ya kontakti (ile ya kopo ya vifaa vya umeme, sio petroli jamani), tochi, na skana. Ile skana ndogo ya ELM327 ya kuunganisha na simu inasoma injini tu, inakutosha kuanzia, lakini ABS, eabegi na moduli (kompyuta ndogo) za taa haizioni vizuri, hizo zinataka skana inayoongea na Mercedes. Na plagi yoyote ya waya yenye rangi ya njano usiiguse, hiyo ni eabegi.

Hatua ya kwanza: betri, kabla ya kitu kingine chochote

Najua unaona kama napoteza muda wako ila hizi gari zikikosa umeme wa kutosha zinachanganyikiwa, moduli zinapotezana, dashibodi inajaa maandishi ya ESP, ABS, sijui nini, mtu anadhani gari lote limekufa. Gari ikiwa imelala usiku kucha, kabla hujaiwasha, weka multimita kwenye terminali za betri. Ukisoma volti 12.6 betri imejaa, 12.4 bado inavumilika, ukishuka hadi 12.0 hiyo imeisha chaji na usianze kutafuta ugonjwa mwingine mpaka uichaji au uibadilishe. Afu mwambie mtu apige stata wewe unaangalia multimita, ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka betri imechoka hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Gari ikishawaka unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5, ukiona 12 na kitu huku injini inaunguruma basi altaneta haichaji au waya wake una shida.

Kama betri ni mpya na bado asubuhi unaikuta imekufa, kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Toa ufunguo, funga milango, iache nusu saa hivi moduli zote zilale ndo upime amp kwa kuingiza multimita katikati ya terminali ya negativu na waya wake. Isizidi milliamp 50. Zinazonywa sana ni redio za kuchomeka za kichina na treka zilizofungwa kienyeji, anza nazo.

Na kama gari ilikuja na betri ya AGM (ile ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo) rudishia AGM. Dukani watakwambia hakuna tofauti.

Hatua ya pili: soma kodi, piga picha, usifute

Fundi wengi wakichomeka skana wakiona kodi kumi (namba za hitilafu ambazo gari linazihifadhi) wanafuta zote waone zipi zitarudi. Mi sipendi, maana ukifuta umefuta na kumbukumbu ya gari ilikuwa kwenye hali gani kodi ilipoingia, spidi ngapi, joto ngapi, na hiyo wakati mwingine ndo inakuonyesha njia. Piga picha zote kwanza.

Kodi zinazoanza na U nyingi ni za moduli kukosa mawasiliano, na kama betri ilikuwa imeshuka usizisumbukie kwa sasa. Za P ndo tunaanza nazo. Na uelewe kodi haikwambii ununue nini. P0171 maana yake injini imeona hewa nyingi kuliko mafuta, haijasema badilisha sensa ya oksijeni, sensa ndo imetoa taarifa, kuinunua nyingine ni kumfukuza kazi mlinzi aliyekuamsha.

Hatua ya tatu: taa ya nyuma inayosumbua

Hii naikalia kidogo kwasababu karibu kila W204 itakutana nayo. Dashibodi inaandika taa ya breki haifanyi kazi, unabadilisha globu, inakaa siku kadhaa, inarudi. Au ukiwasha indiketa taa nyingine za upande huo zinacheza. Au taa inawaka hafifu. Mwaka 2014 Mercedes waliziita zirudi kurekebishwa C-Class hizi zaidi ya 250,000 huko Marekani kwa tatizo hilihili la waya wa bodi (waya wa negativu unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari) wa taa za nyuma, kwahiyo sio gari lako limerogwa.

Kinachotokea: taa zote za upande mmoja, ya parking, breki, indiketa na rivasi, umeme wake unarudi kwa waya mmoja wa bodi. Kwenye Mercedes waya wa bodi ni wa kahawia. Pini yake ikilegea au ikishika kutu kidogo inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaichoma pini zaidi, na mzunguko unaendelea hivyo mpaka plastiki inayeyuka.

Fungua buti, toa kifuniko cha pembeni nyuma ya taa, chomoa plagi, kisha bonyeza vishikizo utoe kile kibao kinachobeba globu. Angalia pini ya waya wa kahawia. Nzima inang'aa. Iliyoungua imekuwa nyeusi na plastiki inayoizunguka imegeuka rangi, mara nyingine imeshavimba na plagi inagoma kutoka, hapo usiivute kwa nguvu, utavunja na kile kibao.

Sasa kama kwa macho huoni kitu, pima. Rudishia plagi, weka multimita kwenye volti DC, waya mwekundu wa multimita uguse chuma cha negativu kwenye kile kibao cha globu, mweusi uguse bolti safi ya bodi ndani ya buti. Washa taa, mtu akanyage breki, na indiketa iwake. Ukisoma chini ya 0.2 hapo pazima. Ukisoma nusu volti na zaidi pini haishiki hata kama inaonekana nzuri. Kipimo hiki kijue vizuri maana kinatumika kwenye waya wowote wa bodi wa gari lolote, kupima kwa "inalia au hailii" hakutoshi, waya uliobaki na unyuzi mmoja nao unalia.

Kurekebisha: chomoa terminali ya negativu ya betri, kata pini iliyoungua, weka pini mpya na uikaze kwa koleo lake au uichomelee kwa lehemu. Kama kibao kimeyeyuka nunua kibao peke yake, sio taa nzima, ukienda Kariakoo sema unataka kibao cha globu na uende na cha zamani mkononi. Afu mi huwa naongeza waya mwingine wa bodi, milimita za mraba 1.5 hadi 2.5, kutoka kwenye chuma cha negativu cha kibao mpaka kwenye bolti ya bodi, nasugua rangi kwanza ili ishike chuma. Ukishafanya hivyo pima tena kama mwanzo.

Kama umeweka globu za LED za bei rahisi, hizo nazo zinaleta maandishi kwenye dashibodi maana gari linapima umeme unaopita na LED inakula kidogo. Rudishia globu za kawaida ndo uendelee kutafuta.

Hatua ya nne: oili inayopanda kwenye waya

Hii ndo ya hatari kwa mfuko na wengi hawaijui. Mbele ya injini kwa juu kuna sumaku mbili za kamshafti (shafti inayofungua valvu), zina umbo la duara na kila moja ina plagi yake ya waya. Zikizeeka oili inapenya ndani ya sumaku, inaingia kwenye plagi, afu inatembea ndani ya waya, sio juu yake, ndani, katikati ya nyuzi za shaba na ganda, inapanda polepole mpaka kwenye plagi ya kontroli boksi. Huko ikifika ndo unaanza kuona mambo ya ajabu, gari inamisi (silinda inaruka bila kuchoma mafuta), taa ya cheki injini, kodi za sensa za oksijeni ambazo ni nzima, na mtu anauziwa kontroli boksi.

Injini ikiwa imepoa chomoa plagi ya sumaku moja, ingiza kitambaa cheupe au pamba kwenye kijiti, futa ndani. Ikitoka kavu shukuru. Ikitoka na oili, nenda kachomoe plagi ya kontroli boksi nayo (betri iwe imechomolewa) uangalie na tochi kama pini zinang'aa kwa oili. Angalia na plagi za sensa za oksijeni.

Kama oili imeishia kwenye sumaku, badilisha sumaku zote mbili na gasketi zake, na kati ya sumaku na waya wa gari funga vile vipande vifupi vya waya vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Siku sumaku ikivuja tena oili inaishia kwenye kipande, unabadilisha kipande. Kama imeshafika kontroli boksi, pulizia kliner ya kontakti kwenye plagi, acha ikauke kabisa, rudishia, na ujue utairudia kazi hiyo baada ya wiki kadhaa na pengine tena, maana oili iliyobaki ndani ya waya itaendelea kutoka. Kodi zinazoendana na sumaku hizi ni kama P0010, P0011, P0013 na P0014.

Ukiona P0016 ni habari nyingine, nitaifikia.

Hatua ya tano: gari inatetemeka ikisimama, au inamisi

Ukiwa na P0171 na gari inatetemeka kwenye foleni lakini ukikanyaga mafuta inatulia, tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Kwenye M271 mshukiwa wa kwanza ni mipira ya kupumulia injini iliyo chini ya manifodi ya hewa, inakauka kwa joto inapasuka, na kwa joto letu hili inawahi. Sikiliza mluzi. Kwenye skana angalia fuel trimu ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza), ikiwa juu ya asilimia 10 gari imesimama, afu ukipandisha mzunguko hadi 2500 inashuka, hiyo ni hewa. Ikibaki juu vilevile angalia pampu ya mafuta, filta au sensa ya hewa. Kuna wanaopulizia kabu kliner juu ya injini ya moto kutafuta tundu, sishauri, gari za watu zimeungua hivyo.

Misi ya silinda moja ni rahisi. Kodi ikiwa P0302 ni silinda ya pili, hamisha koili yake uiweke ya tatu, ya tatu iweke ya pili, endesha. Kodi ikigeuka kuwa P0303 koili ndo mbovu. Ikibaki P0302 hamisha plagi ya cheche (spark plug). Ikibaki bado, hapo ni nozeli au compression, peleka kwa fundi injini.

Hatua ya sita: vya kuachia wengine

P0016 ni kamshafti na krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kutokubaliana, na kwenye injini hii mara nyingi ni cheni ya taiming imelegea. Kama na asubuhi ukiwasha unasikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde chache mbele ya injini, usiendelee kuliendesha ukisubiri mwisho wa mwezi. Cheni ikiruka jino valvu zinagonga pistoni. Na ndo maana oili ya kilomita 15,000 mi siikubali kwenye M271 ya mkononi, chenji kwenye 7,000 au 8,000.

Nyingine ni kufuli la stelingi. Unaingiza ufunguo, husikii ule mlio wa kufuli kufunguka, dashibodi giza. Pima betri ya gari kwanza, jaribu na ufunguo wa pili. Betri ya ndani ya ufunguo haihusiki hapa, hata ikiwa imekufa ufunguo ukiwa ndani ya tundu unatakiwa kufanya kazi. Ikigoma mara moja afu ikakubali, usizime na kuchomoa ufunguo kwenda dukani kununua maji, nenda moja kwa moja kwa mtu mwenye mashine ya Mercedes ukiwa umewasha, maana kufuli likifa kabisa utalibeba kwa breakdown, na kazi yake inataka kuprogramu.

Hatua ya saba: sasa ndo ufute

Ukishafanya kazi, futa kodi, endesha siku mbili tatu, foleni na barabara ya wazi, asubuhi ya baridi na mchana. Soma tena na ulinganishe na zile picha za mwanzo. Kodi iliyorudi peke yake ndo yako, na kama imerudi ileile kwenye sehemu uliyobadilisha spea, rudi kwenye plagi ya ile spea na multimita kabla hujaenda kugombana na aliyekuuzia.