Likizo ya Skii Trois Vallées: Mambo ya Kupanga Mapema

Trois Vallées, katika milima ya Alpi upande wa Ufaransa, ina njia za skii, yaani za kuteleza juu ya theluji, zipatazo kilomita 600 zilizounganishwa kwa lifti za mlimani, na ukubwa huo ndio unaowaponza wageni. Anayeanza hafikii hata robo yake kwa wiki moja, kwa hiyo hana sababu ya kulipia pasi ya lifti ya eneo zima. Pasi ya bonde moja, tuseme la Courchevel au la Méribel, inamtosha, na fedha zinazobaki zimlipe mwalimu.

Kabla ya hayo yote kuna viza. Mkenya au Mtanzania anayeishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi bado anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi: ukitua Geneva kisha ukalala Méribel siku saba, unaomba Ufaransa, si Uswisi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mimi huomba Septemba kwa safari ya Januari, kwa sababu miadi ikishaadimika hakuna wa kumlilia. Bima ya euro 30,000 inayodaiwa kwa ajili ya viza usiihesabu kuwa bima ya skii; hakikisha mkataba unataja mchezo huo pamoja na gharama za kuokolewa mlimani.

Nyumba nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Epuka Februari, shule za Ufaransa zinapofunga kwa zamu, maana bei hupanda na foleni za lifti hurefuka. Val Thorens, kituo kingine cha Trois Vallées, iko meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, kwa hiyo theluji yake hudumu. Ila mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asishangae akihema siku ya kwanza.

Vifaa kodi, usinunue. Tenga muda wa kutosha dukani kwa ajili ya viatu: vidole viguse ncha ukisimama wima, kisha virudi nyuma kidogo ukikunja magoti. Vaa soksi moja tu kila mguu. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa mbili, nikidhani nakwepa baridi, na kufikia saa sita mchana ngozi ya muundi ilikuwa imechubuka kwa mikunjo ya soksi ya ndani. Mafuta ya kukinga jua hata sisi weusi tunayahitaji, kwani theluji huirudisha miale usoni. Wanaosuka nywele wasuke mistari ya kulala kichwani. Fundo kubwa la rasta halienei ndani ya helmeti, na helmeti inayokaa juu ya fundo haikingi chochote.