Mambo ya kuzingatia kabla hujaingiza mchoro kwenye gemu huria

Gemu ya chanzo huria (ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza) inayotengenezwa kwa mapenzi tu, bila mshahara, mara nyingi huwa hivi: mmoja yuko Mwanza anaandika msimbo, mwingine yuko Brazili anachora miti, wa tatu anatunga muziki na hakuna anayejua hata jina lake halisi. Siku za mwanzo raha tupu. Kasheshe huanza gemu ikikaribia kutoka, na karibu kila mara huanzia kwenye michoro, si kwenye msimbo. Kwa hiyo haya yafanye kabla.

Mchoro usio na leseni, yaani ruhusa ya maandishi inayosema utumike vipi, usiuguse. Kuonekana mtandaoni hakuufanyi kuwa wa bure, na kimya cha mchoraji si ruhusa. Mwandikie umuulize, asipojibu, tafuta mwingine.

Leseni zenyewe si nyingi, zijue. Zinazoanza na CC ni za shirika la Creative Commons. CC0 maana yake chukua, tumia utakavyo, hata kumtaja mchoraji si lazima (mtaje tu, ni adabu). CC BY inataka umtaje mchoraji, utaje leseni na kuweka kiungo chake, na useme kama umebadilisha kitu. CC BY-SA inataka hayo yote, na juu yake mchoro utakaotokana na huo nao utoke kwa leseni hiyohiyo. GPL, leseni ya Free Software Foundation, ilitungwa kwa ajili ya programu, ila michoro mingi ya gemu hutolewa chini yake. Hiyo inadai pia chanzo, yaani faili ambayo mtu angeitumia kuhariri: .xcf ya GIMP, .kra ya Krita, .blend ya Blender, zote programu za kuchorea. PNG peke yake haitoshi.

Ukiona NC (si kwa biashara) au ND (bila mabadiliko), pita. Najua utasema gemu yako huiuzi, kwa hiyo NC haikuhusu. Itakuhusu siku mtu atakapotaka kuiingiza kwenye hifadhi kuu ya programu ya Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), ambako NC haipokelewi, au siku utakapoona vyema kuiuza kwa bei ya soda ili kulipia seva. ND ndiyo mbaya zaidi: hairuhusu kusambaza kilichobadilishwa, na kwenye gemu hata kubadili rangi ya kofia ni kubadilisha.

Angalia na namba ya toleo. Mchoro uliotokana na CC BY-SA 3.0 unaweza kuutoa kwa 4.0, lakini wa 4.0 haurudi 3.0. CC BY-SA 4.0 inaweza kuingia kwenye GPL toleo la 3, na njia hiyo ni ya kwenda tu. Ukikuta mchoro umeandikwa leseni mbili, unachagua moja. Hulazimiki kutimiza masharti ya zote.

Sasa lile ambalo watu hulidharau hadi liwaumize: kuandika nani kachora nini, siku ileile faili inapoingia.

Chukua michoro ya LPC, ile iliyotokana na shindano la Liberated Pixel Cup la 2012 lililoandaliwa na Creative Commons, Free Software Foundation na OpenGameArt, tovuti ya michoro huria ya gemu. Ni hazina. Wahusika wake wamechorwa kwenye miraba ya pikseli 64 kwa 64, ardhi kwenye vigae vya 32 kwa 32, na kwa kuwa wachoraji wote walifuata vipimo vilevile, shati la huyu linakaa sawasawa juu ya mwili wa yule. Unataka mwanakijiji? Unapanga mwili, kichwa, nywele, shati, suruali, viatu, kikapu mkononi. Matabaka 7. Lakini kila tabaka huenda likawa na majina matatu: aliyechora kwanza, aliyeongeza mikao ya kupiga upanga, aliyekuja kubadili rangi. Tayari una majina kumi na kitu kwa mwanakijiji mmoja anayepita nyuma ya duka.

Kisha mtu anayabana matabaka yote kuwa picha moja, anaipa jina mwanakijiji_mwisho2.png, anaipakia, analala. Mwaka unapita. Aliyeipakia ameshapata kazi, hajibu ujumbe. Anatokea mtu anayeandaa gemu kwa ajili ya Linux, anauliza swali moja la heshima: nywele hizi ni za nani? Hapo ndipo kundi zima linapoanza kufungua kurasa za zamani na kulinganisha pikseli kwa pikseli, macho mekundu. Wakishindwa, ni kuchora upya au kumtoa mhusika. Na kuchora upya si mchezo: karatasi kamili ya LPC ya awali, yaani picha moja yenye mikao yote ya mhusika, ina fremu (hatua za mwendo) 7 za kufanya uganga, 8 za kuchoma mkuki, 9 za kutembea, 6 za kukata na 13 za kupiga mshale, zote kwa pande nne, halafu 6 za kuanguka. Jumla 178. Mhusika mmoja.

Isitoshe, chini ya CC toleo la 3.0 ukikiuka masharti leseni yako inakufa papo hapo. Toleo la 4.0 lina huruma: ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, haki zako zinarudi zenyewe.

Basi fungua faili moja ya maandishi ndani ya folda ileile ya picha. Kila picha mstari mmoja, namna hii:

nywele_kipilipili.png | jina la mchoraji kama alivyojiandika | kiungo cha ukurasa ulikoipata | CC BY-SA 3.0 | 14/3/2025 | rangi imebadilishwa kutoka kahawia hadi nyeusi

Mstari huo uingie Git (programu inayotunza kila toleo la mradi) pamoja na picha, kwa komiti moja, yaani badiliko moja linalohifadhiwa. Si kesho. Msimamizi akikuta picha haina mstari, airudishe, hata kama mletaji ni rafiki yake. Wengine huweka faili pacha kwa kila picha, mwanakijiji.png.license, kama utaratibu wa REUSE wa FSFE (shirika la programu huria la Ulaya) unavyoelekeza; nao ni mzuri. Ukitumia ile programu ya kuunganisha wahusika wa LPC kwenye kivinjari, inakutolea orodha ya majina pamoja na picha. Ipakue palepale, maana ukifunga ukurasa hutakumbuka ulichagua nywele zipi. Na faili yenye matabaka itunze bila kuibana.

Kumwomba mchoraji kazi nako kuna utaratibu. Usimwambie "nichoree adui mmoja". Umeona hesabu ya 178. Mwambie ukubwa kwa pikseli, pande ngapi, fremu ngapi kwa kila tendo, rangi zipi, na kama mwanga unatoka kushoto au kulia. Kabla hujamwomba, cheza gemu yako kwa masanduku ya kijivu. Ikiwa haina ladha kwa masanduku, joka la kupendeza halitaiokoa, na utakuwa umekula wiki tatu za mtu bure.

Picha za pikseli zitoke kwa PNG. JPG inazichafua na haiwezi kuwa na sehemu ya kuona kilicho nyuma. Ukikuza, kuza mara 2, 3 au 4, si mara moja na nusu, na zima ulainishaji wa picha kwenye injini (programu inayoendesha gemu), la sivyo kila kitu kitaonekana kama kimepakwa mafuta. Vigae vikionyesha mistari myembamba kwenye viungio kamera ikisogea, tatizo ni kingo: acha nafasi ya pikseli 1 au 2 kati ya kigae na kigae, uijaze kwa kurudia rangi ya ukingo.

Majina ya faili yawe herufi ndogo tupu, bila nafasi. Windows haitofautishi Mti.png na mti.png, Linux inatofautisha. Gemu inayocheza vizuri kwako itakosa miti yote kwa mwenzako, na mtabishana siku nzima.

Git haipendi faili nzito. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, inakataa faili inayozidi MB 100, lakini kinachouma zaidi ni historia: faili ya Krita ya MB 8 ukiihifadhi mara 40 inaweza kubeba hadi MB 320, na kuifuta leo hakupunguzi kitu, kwa kuwa matoleo yote yamo. Fikiria anayepakua kwa bando. Weka vyanzo vizito kwenye hifadhi ya pembeni au tumia Git LFS, nyongeza inayoweka faili nzito kando, na mgeni mwelekeze atumie git clone --depth 1, inayoleta toleo la mwisho tu.

Muziki wa kujirudia utoe kwa OGG. MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, ndiyo ile kwikwi unayoisikia kila wimbo ukianza upya.

Fonti nayo ina leseni, nyingi ni SIL OFL, leseni huria ya fonti. Ukitafsiri gemu kwa Kiswahili, jaribu neno ng'ombe kabla ya lolote. Programu za kuandikia hugeuza ile alama kuwa ya kupinda, fonti nyingi za pikseli hazina umbo hilo, na ng'ombe wako anatokea na kisanduku katikati.

Kuhusu mawazo: toa bila woga. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyoandikwa, kuchorwa au kutungwa. Anayeficha wazo lake asiibiwe mara nyingi hana kingine cha kuonyesha. Ila usilete kurasa 40 za historia ya ufalme. Ukurasa mmoja, mchezaji anafanya nini sekunde 30 za kwanza, anashindwaje, picha moja ya mfano. Jina na nembo ni habari nyingine, hizo zinaweza kuwa alama za biashara. Na mhusika wa katuni maarufu hata umchore kwa mkono wako mwenyewe huwezi kumpa leseni huria, kwa sababu si wako.

Soma mkataba wa kazi yako kama unachora kwa ajira. Waajiri wengine hudai hata unachochora usiku. Picha ikitoka kwenye akili bandia, sema, maana miradi mingine haizitaki kabisa. Nywila za hifadhi wawe nazo watu wawili. Nakala iwe kwenye diski nyingine, si folda nyingine ya diski ileile. Na mtu usiyemjua akikuletea "michoro" ndani ya faili ya .exe, usiifungue.