Kuandaa dai la mkataba wa ujenzi wakati wa janga: mwongozo kwa wakandarasi wa Malindi

Kabla ya kuandika barua yoyote, fungua mkataba uliotia saini na utafute mahali unapozungumzia taarifa ya dai, ongezo la muda na tukio lisiloweza kuzuilika. Ikiwa unafanya kazi chini ya Kitabu Chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, yaani mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu cha 20.1 kinakutaka utoe taarifa ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, jambo lililozaa dai. Siku hizo zikipita, unapoteza muda wa nyongeza na malipo ya ziada kwa pamoja, hata kama mji mzima ulishuhudia jinsi ulivyoathirika. Chukua janga la korona: kafyu ilitangazwa Kenya tarehe 25 Machi 2020. Mkandarasi aliyengoja Mei aone hali itakavyokuwa alikuwa amekwisha kuchelewa, kwani siku zake zilimalizika tarehe 22 Aprili.

Taarifa yenyewe haihitaji hesabu. Ukurasa mmoja unatosha kutaja tukio, tarehe, kazi zilizoguswa na kifungu unachokitegemea. Maelezo kamili hufuata ndani ya siku 42, zikihesabiwa tangu siku ileile ya kujua, na tukio likiendelea unaongeza maelezo kila mwezi. Kila amri mpya ya serikali ihesabu peke yake: kafyu ilianza 27 Machi, Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, ikafungwa 8 Aprili, ikafunguliwa 7 Juni.

Katika kuchagua kifungu, wengi hukimbilia kile cha 19 kinachohusu tukio lisiloweza kuzuilika, nami naona ni haraka isiyo na faida. Kifungu hicho kina taarifa yake ya siku 14, na kwa maradhi ya mlipuko kinatoa muda bila gharama. Muda huohuo unapatikana kwa kifungu cha 8.4, aya ya (d), kinachotaja wazi uhaba usiotarajiwa wa wafanyakazi au vifaa uliosababishwa na maradhi ya mlipuko au hatua za serikali. Unapotaka na fedha, soma cha 13.7 kinachohusu mabadiliko ya sheria, mradi amri ilitoka baada ya tarehe ya msingi, yaani siku 28 kabla ya mwisho wa kuwasilisha zabuni. Aliyeomba kazi huku maradhi yamekwisha kuenea hawezi kudai kwamba hakuyatarajia.

Sehemu inayoamua dai ni kutenganisha sababu. Mwaka 2020 masika yalinyesha Aprili na Mei kama kawaida yake, na Ramadhani ikaanza mwisho wa Aprili, wakati ambapo mafundi wengi wa pwani hupunguza saa za kazi. Mambo yote mawili yalijulikana wakati wa zabuni, kwa hiyo ukiyachanganya na janga, mhandisi anayesimamia mkataba atalitilia shaka dai zima. Vilevile, amri ya kufunga Kilifi iliruhusu malori ya mizigo kupita. Mkandarasi aliyeandika kwamba saruji haikufika kwa sababu ya kufungwa kwa kaunti alipaswa kuonyesha kilichoizuia hasa, ilhali aliyeandika kwamba mafundi wake wa chuma walibaki Mombasa na wasiweze kuvuka alikuwa na hoja yenye nguvu.

Tuseme ulikuwa na watu 40 saiti, wakabaki 24. Usidai kwamba kazi ilisimama; onyesha ni kazi gani ilipungua, kwa siku ngapi, na kama kuchelewa kwake kulisogeza tarehe ya kumaliza mradi. Kafyu ya saa moja jioni iligusa zaidi kumwaga zege la slabu kubwa, ambalo halikatwi katikati ovyo, kuliko kupiga lipu. Mnyapara aandike daftari kila jioni: waliohudhuria na walikotoka, mitambo iliyokaa bure, hali ya hewa, saa ya kufunga kazi. Picha ziwe na tarehe. Daftari lililoandikwa upya miezi sita baadaye hutambulika upesi, na huondoa imani hata katika kurasa zilizo za kweli.

Andika pia ulichofanya kupunguza hasara, kwa mfano kuajiri mafundi wa Malindi penyewe au kuanza kazi alfajiri kafyu inapokwisha, kwa kuwa mkataba unakudai juhudi hiyo.

Janga halimpi yeyote ruhusa ya kuacha kulipa anachodaiwa chini ya mkataba. Mwenye kazi anayezuia hati ya malipo iliyokwisha kuidhinishwa kwa kisingizio cha maradhi anakukosea, na hilo ni dai jingine, lenye barua yake na tarehe zake.

Peleka nakala mbili za kila barua na urudi na moja yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa maana mhandisi ana siku 42 za kulijibu dai, na hesabu yake huanzia kwenye muhuri huo.