Mmoja Anasali, Mwingine Haamini: Namna ya Kukaa Nyumba Moja

Mimi ni Mkatoliki, naishi Umoja hapa Nairobi, na mume wangu haamini kuwa kuna Mungu. Si kwamba ni mvivu wa kwenda Misa, haamini. Akina mama wenzangu huniuliza tunawezaje, na vijana walioacha kuamini huniuliza wamwambieje mama nyumbani. Haya ndiyo ninayowajibu.

Kwanza, usingoje yasiyowezekana. Mimi sitakubali kamwe kwamba hakuna Mungu, na mume wangu, Baba Mueni, hatakubali kwamba mkate pale altareni unageuka Mwili wa Kristo. Ukisubiri mwenzako akubaliane na imani yako ndipo mpatane, mtazeeka mkinuniana. Mnachoweza ni kuaminiana kwamba kila mmoja amefika alipo kwa nia njema, na kutolazimishana kutenda kinyume cha dhamiri. Hayo yanatosha kuendesha nyumba. Ugomvi niliouona katika familia za namna hii mara nyingi hauanzi na hoja. Huanza mtu anapofanyishwa jambo: ameitwa ghafla aongoze sala, mtoto wake amepelekwa kubatizwa yeye hana habari, au amechekwa akiwa ameshika rozari.

Katiba yetu ya 2010 imeligusa jambo hilihili. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, kisha kinasema mtu asishurutishwe kutenda lililo kinyume cha imani yake. Dibaji ya Katiba hiyohiyo inatambua ukuu wa Mungu Mwenyezi, na kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Wakenya tulipigia kura vyote kwa pamoja. Kama nchi nzima inaweza kubeba hayo mawili, watu wawili jikoni wanaweza.

Muulize haamini nini hasa

Katika sensa ya 2019, watu 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini, kama asilimia 1.6 ya Wakenya. Humo mna watu wa kila aina. Yupo aliyesadiki kabisa kwamba Mungu hayupo. Yupo anayesema hajui, na haoni njia ya mwanadamu kujua. Yupo anayemwamini Mungu ila amechoshwa na mchungaji wa kudai fungu la kumi kila akipanda mimbarani. Ukiwajibu wote jibu moja, hujawasikia. Nasi waumini hatufanani: jirani yangu Mwislamu, mimi, na yule wa kesha za Ijumaa hatuamini mamoja.

Kwa hiyo uliza, halafu rudia ulichosikia kwa maneno yako mpaka mwenzako aseme, "Ndiyo, hivyo hasa." Hapo ndipo unaweza kumpinga.

Yako maswali ambayo ningeomba yaachwe. Muumini asiulize, "Nani alikukosea?" Baba Mueni hakukosewa na mtu. Alisoma, akafikiri kwa miaka, akaishia hapo. Wala asimuulize, "Sasa bila Mungu nini kinakuzuia kuiba?" Mtu ambaye umemkabidhi pesa za chama cha kuweka akiba na hazijawahi kupungua shilingi, swali hilo ni tusi kwake. Naye asiyeamini asidhani sisi tunasali kwa sababu tunaogopa kufa au hatukwenda shule. Lile swali lake kuu, kwa nini mtoto asiye na kosa ateseke, si geni kwetu. Ayubu alimlilia Mungu kwa uchungu huohuo, na kilio chake kimo ndani ya Biblia yetu. Mara nyingine tukizungumza hilo, mimi na mume wangu tunajikuta tuko karibu kuliko tulivyotarajia.

Pangeni matendo kabla ya siku yenyewe

Nairobi kila kitu hufunguliwa kwa sala: chama, mkutano wa wazazi, harambee, hata kikao cha ofisini. Asiyeamini aamue mapema atafanya nini. Baba Mueni husimama pamoja na wengine, huvua kofia, hunyamaza. Hafumbi macho wala hasemi "Amina." Anasimama kwa heshima ya watu walio pale, nami naona hiyo ni heshima kamili, simdai zaidi. Wimbo wa taifa huuimba wote, pamoja na "Ee Mungu nguvu yetu", kwa sababu anauchukua kuwa wimbo wa wananchi wenzake. Najua wengine wasioamini ambao hunyamaza kwenye mstari huo. Waachwe.

Nyumbani kwetu mtihani huja jumuiya yetu ndogo inapofikia zamu ya kusalia kwetu. Tumegawana hivi. Mimi natandika kitambaa cheupe mezani, naweka msalaba, sanamu ya Mama Maria na mshumaa. Yeye anapanga viti vya plastiki, anapika chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa, anawapokea wageni mlangoni kwa mkono na kuwauliza habari za watoto. Rozari ikianza anakaa jikoni. Ikiisha anatoka na birika, na maongezi yanaendelea naye akiwemo.

Siku moja mama mmoja aliyekuwa akiongoza sala alipaza sauti: "Bwana, mfungue macho mume wa dada yetu, uuvunje ugumu wa moyo wake." Mume wangu alikuwa hatua tatu kutoka pale, anasikia kila neno. Sikusema kitu mbele ya watu. Nilimsindikiza yule mama mpaka steji, na njiani nikamwambia, "Mama, mwombee nyumbani kwako usiku kucha, nitashukuru. Lakini usimhubirie kwa kujifanya unasema na Mungu, tena sebuleni kwake, mahali hawezi kujibu."

Akasema, "Lakini Mama Mueni, mimi nilisema kwa upendo."

"Najua. Basi mwambie yeye mwenyewe, mkiwa mmeangaliana."

Alimwambia, miezi baadaye, juu ya chai. Walibishana vizuri sana. Ninashauri mfanye vivyo hivyo: mwenye kukosea asahihishwe faraghani, na asahihishwe na mtu wa upande wake. Mimi ndiye wa kuongea na Wakatoliki wenzangu. Rafiki za mume wangu wakikejeli Kanisa mbele yangu, yeye ndiye huwanyamazisha.

Zungumzeni kuhusu kifo mkiwa wazima

Hapa ndipo familia nyingi hupasuka, na ndipo ningekuomba ukae zaidi.

Mume wangu hataki padre kwenye mazishi yake. Anataka rafiki na ndugu wazungumze, basi. Tumeandika. Lakini maandishi peke yake hayatoshi Kenya, kwa sababu matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake mahakama huyapa uzito tu, hayaifungi. Wenye umri wetu tunaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno: mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, na mwaka 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki hiyo. Kwa hiyo Baba Mueni amewaambia kaka zake kwa mdomo, nyumbani Machakos, mbele yangu. Niliwaambia nitasali na jumuiya yangu hapa Nairobi kabla mwili haujasafirishwa, na kaburini nitanyamaza. Kaka yake mkubwa hakupenda, lakini alisikia kutoka kwa mwenyewe.

Upande wangu ni huu. Nikizidiwa, ameahidi kumwita padre anipe Mpako wa Wagonjwa. Nambari ya parokia iko ndani ya mlango wa kabati, chini ya nambari ya hospitali, kwa mwandiko wake. Yeye haamini kwamba yale mafuta yatanifanyia lolote. Ataita kwa sababu mimi naamini, na kwa sababu saa hiyo huenda nisiweze kuita mwenyewe. Sijui namna bora ya kupokea imani ya mtu mwingine kuliko hiyo. Ukitaka kujua kama mmekubaliana kweli, muulizane: ukiwa huwezi kusema, nitakufanyia unavyotaka wewe au ninavyotaka mimi?

Mahali pa kukataa

Si kila jambo ni la kuvumiliwa. Mtoto akiugua anapelekwa hospitali, hata kama kuna aliyeota ndoto. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Lisilogusa mwili wa mtu tunaweza kulijadili. Linalogusa mwili wa mtoto, hapana. Lakini usinitupie Shakahola mimi kila nikitaja kanisa, nami sitakutupia Stalin, yule mtawala wa Kisovieti aliyewatesa waumini, kila ukisema huamini.

Watoto

Mueni alipokuwa mdogo aliniuliza kama baba yake ataenda motoni. Nilimwambia hukumu ni ya Mungu, na Mungu ninayemwamini anamjua Baba kuliko tunavyomjua sisi. Usiku akamuuliza na baba yake. Akajibu, "Mimi sidhani kuna moto. Mama anaona tofauti. Wote wawili tuko hapa asubuhi." Kanuni yetu ni kusema "mimi naamini" au "mimi sidhani", na kutomtuma mtoto kubeba hoja kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Hata hivyo lipo ambalo hatujalimaliza. Mueni anakaribia Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani. Mimi nataka apokee na wenzake wa mafundisho. Baba yake anataka kwanza aulizwe kama anataka. Tumekubaliana ataulizwa tukiwa wote watatu mezani, nami sitalia, naye hatatabasamu, jibu lolote litakalotoka.