Jinsi ya kuupima mji kama utahimili vyuma vikikaza, kabla hujazika hela yako

Watu wananiuliza sana hili swali, hasa wanaokaribia kustaafu, kwamba kiinua mgongo kikitoka nijenge fremu wapi, nibaki hapa Tanga, niende Dodoma au nikimbilie Arusha kwenye watalii. Mimi sio mchumi, nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani mwaka wa kumi na tano huu na nshapigwa mara mbili, kwaiyo ninachoandika hapa ni njia ninayotumia mwenyewe. Unaifanya kwa siku mbili, unahitaji daftari, nauli ya bajaji na mdomo mzuri wa kuamkia watu.

Kwanza, usihesabu maduka. Mtu anashuka stendi Kange anaona gesti zimejaa, boda zimepanga foleni, mitaa yote ina fremu, anasema hapa pana biashara. Duka halileti hela mjini, linazungusha tu hela iliyokwisha ingia. Wewe tafuta inaingilia wapi. Kaa kwa mama ntilie saa nne asubuhi, agiza chai na mhogo, muulize taratibu wateja wake wengi ni kina nani. Atakwambia mafundi. Mafundi wanamjengea nani? Wenye nyumba za kupangisha. Wapangaji ni nani? Vibarua wa mradi. Na mradi unalipwa na nani? Hapo umeshatoka nje ya mji, andika. Rudia hivohivo kwa kinyozi, kwa muuza samaki, kwa dereva bajaji, kwa duka la dawa mpaka wafike watu kumi, alafu angalia yale majibu ya mwisho tu. Kama saba wameishia kwa bosi mmoja basi huo mji una mguu mmoja, hata uwe na maduka elfu.

Sisi wa Tanga hili tulifundishwa na mkonge. Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf alileta miche mwaka 1893, iliyofika salama ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kutoka hapo Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilitoka zaidi ya tani 230,000. Na mtu aliyeuona mji wakati ule angeapa kwamba una uchumi wa kila aina, reli ipo, bandari ipo, karakana zipo, maduka ya nguo yamejaa mwisho wa mwezi. Lakini reli ilikuwa inabeba nini? Mkonge. Bandari inapakia mkonge, karakana zinatengeneza mashine za mkonge, maduka yanawauzia manamba wa mkonge. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa na usimamizi wake nao ukawa na mambo yake, mpaka kufika miaka ya tisini mwishoni nchi nzima inatoa tani kama elfu ishirini. Wazee wa mashambani ile mashine ya kuchakata mkonge wanaiita korona, kwaiyo mwaka 2020 mzee mmoja wa Mabawa alikuwa anatucheka, anasema nyie mnaogopa korona leo, sisi ilipozimwa ndo tulikufa njaa.

Detroit kule Marekani ni hadithi ileile, badilisha tu mkonge uweke magari. Mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8, kufika 2010 wamebaki kama laki saba, na Julai 2013 halmashauri yenyewe ikatangaza imefilisika ikiwa na madeni yanayokadiriwa dola bilioni 18. Sasa linganisha na Pittsburgh, mji wa chuma. Nao uliangushwa vibaya sana miaka ya themanini, viwanda vikafungwa, vijana wakahama, ila ulikuwa na vyuo vikuu na hospitali ambazo hazikuhama na chuma. Leo ghorofa lao refu kuliko yote bado linaitwa jina la kampuni ya chuma lakini herufi kubwa zilizowekwa juu kule ni za kampuni ya mahospitali. Na 2009, dunia ikiwa imebanwa na mdororo, mkutano wa G20, ule wa nchi zenye uchumi mkubwa, ulifanyika hapohapo Pittsburgh.

Kwaiyo kwenye daftari lako tafuta vitu ambavyo watu hawaviachi hata wakiwa na shida. Mtu ataahirisha gari, ataahirisha kupaua nyumba (mimi nalijua hili kuliko wote), lakini mtoto akiumwa usiku atapelekwa hospitali na chakula kitanunuliwa, hata kama ni nusu kilo badala ya kilo. Mji wenye hospitali ya rufaa inayopokea watu wa wilaya zote, kama Bombo hapa, una hela inayoingia kila siku hata kama ni kidogokidogo, watu wa Lushoto na Handeni wanakuja wanalala, wanakula, wanapanda bajaji. Vyuo vilevile, ila vyuo vina likizo, usijisahau ukaweka fremu ya stationari mlangoni alafu ukashangaa mwezi wa nane.

Mji wa serikali je? Watu wanaupenda kwa sababu mshahara unaingia hata mvua isiponyesha, na ni kweli, Dodoma imekua kwa kasi tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu 2016, na hata Washington ilihimili ule mdororo wa 2008 kuliko miji mingi ya kwao. Mimi naipa alama nzuri, ila kuna mambo mawili. Siku serikali yenyewe ikikwama, mji mzima unakwama siku moja, kama Washington mwishoni mwa 2018 mpaka Januari 2019, sehemu ya serikali ilifungwa siku 35, wauza chakula wa karibu na maofisi wakabaki wanaangaliana. Na serikali inaweza kuhama, majirani zetu wa Bagamoyo wanajua. Walikuwa na Wajerumani, walikuwa na misafara ya pembe kutoka bara, mwaka 1891 makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam, baadae na reli ikaanzia Dar, basi mji ukalala.

Utalii nausema kwa kifupi: ni hela tamu lakini ni ya kwanza kukimbia. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii kama milioni moja na nusu, 2020 wakawa laki sita na ushee. Las Vegas, mji wa starehe kule Marekani, Aprili ya 2020 hiyohiyo zaidi ya asilimia 30 ya watu wa kazi hawakuwa na ajira. Ukiwa na kitu kingine cha kushikilia weka hela Arusha au Zanzibar, kama huna kingine usiweke.

Sasa sehemu inayowaumiza wengi na mimi nikiwemo. Mji ulio katikati ya mradi mkubwa ndo mji unaodanganya kuliko yote. Miaka ya nyuma kuna mkandarasi alikuja na watu wake, anatafuta vyumba, analipa miezi sita mbele bila kubisha bei. Nikachukua mkopo, nikajenga vyumba nane vya selfu haraharaka, nikaweka na vigae. Walikaa miezi kumi na moja. Siku wanaondoka walinipa mikono vizuri tu, hakuna aliyenidhulumu, kazi yao iliisha, na kila mtu mtaani alijua itaisha isipokuwa mimi niliyekuwa nahesabu kodi ya miaka mitano. Mkopo nilimalizia kwa kuuza kiwanja cha Pongwe. Waja leo waondoka leo tunauimba sana lakini hatuutilii maanani kwenye mkataba wa pango.

Kwaiyo ukisikia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, kilomita 1,443, furahi lakini uliza maswali mawili tofauti: kulijenga kunataka watu wangapi, na kuliendesha kunataka watu wangapi. Bomba likishakaa chini halinywi chai kwa mama ntilie. Bandari ni afadhali kwa sababu meli moja inamlisha kuli, dereva wa lori, wakala wa forodha, fundi matairi na muuza mishkaki, na inapakia vitu vya watu mbalimbali, zao moja likianguka lingine lipo.

Siku ya pili ya zoezi lako nenda sokoni alfajiri. Angalia chakula kinatoka wapi. Hapa Mgandini utaona machungwa ya Muheza, mboga za Lushoto, nazi, muhogo, na samaki wanatoka Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia. Vyuma vikikaza mji ambao chakula chake kiko umbali wa saa mbili unapumua, watu wanabanana lakini wanakula, na mwenye ng'ombe wawili anapeleka maziwa anapata hela ya chumvi na sabuni. Mkonge huwezi kuupika.

Alafu tafuta mzee wa baraza, muamkie vizuri, usimuulize uchumi. Muulize mwaka mbaya kuliko yote anaoukumbuka hapa ni upi, nani alifunga duka na nani hakufunga. Wale ambao hawakufunga, andika walikuwa wanauza nini na kwa nani.

Mimi narudia kila Januari. Mwaka huu kumi wangu walitoka hivi: watatu wameishia bandarini na kwenye malori ya Horohoro mpakani na Kenya, wawili saruji na mawe, wawili mashamba na maziwa, mmoja Bombo, mmoja mshahara wa serikali, mmoja mradi. Mwaka niliojenga vile vyumba nane sikuhesabu, ila nikikumbuka sura za waliokuwa wanakunywa chai pale, naona sita walikuwa na helmeti za mradi.